Kanzu Saba za Sultani na Shamba la Bi Mwanasiti

Hapo zamani palikuwa na Sultani Mashamu, aliyelitamani shamba la pamba la jirani yake, mjane mzee Bi Mwanasiti, apate kuwafunga punda wake humo. Kumnyang'anya wazi aliona haya, basi akatoa amri: "Pamba ipandwe leo, na Ijumaa ijayo nivae kanzu iliyofumwa kwa pamba hiyo hiyo. Ikishindikana, shamba ni langu. Nami naapa sitavunja desturi ya mafundi, watakachohitaji wapewe."

Bi Mwanasiti akalia. Habari zikamfikia Mbwarahaji, maskini asiye na kitu ila mdomo wake. Naye hakusahau kwamba alipoumwa sikio, ni bibi huyo aliyempashia moto pamba yenye mafuta, akakaa kando yake hata akalala. Basi akamsaidia kufukia mbegu, akanawa mikono, akaenda kwa Sultani.

"Bwana wangu, mbegu zimo ardhini. Nimekuja kuchukua kipimo. Desturi ya mafundi wetu, mwenye kuagiza kanzu huacha ya zamani, nayo hairudi hata mpya iishe kushonwa."

Sultani akacheka, akaagiza iletwe moja.

"Moja haitoshi, Bwana. Tumbo tukufu lina nyakati zake. Kuna kabla ya pilau, kuna baada ya pilau, na kuna siku ya harusi."

Mawaziri wakaitikia kwamba ni kweli. Ikawa zikachukuliwa kanzu zote saba, Sultani akabaki na kikoi.

Ijumaa ikafika, watu wamejaa uani wakimngoja waende naye msikitini. Sultani akajifunika mkeka, akamwita Mbwarahaji, akamwuliza kanzu i wapi.

"Ina majani mawili, Bwana, nayo yanapendeza. Mvua ikikubali, itakuwa tayari baada ya miezi sita."

"Basi nirudishie zangu."

"Nitazirudishaje, na mpya haijaisha? Bwana aliapa. Labda agizo lenyewe lifutwe."

Sultani akalitazama tumbo lake, akacheka hata mkeka ukaanguka. Akalifuta agizo mbele ya watu wote, shamba likabaki la Bi Mwanasiti, na Mbwarahaji akaamriwa ale pilau ya jumbani kila Ijumaa.

Kanzu zikaletwa, zimefuliwa na Bi Mwanasiti. Sasa, ile aliyoipenda Sultani kuliko zote ilikuwa na tundu kwapani. Miaka miwili alitembea amebana mkono, na mawaziri, wakidhani huo ndio utukufu, wakabana yao. Sultani akaingiza kidole kulitafuta tundu, asilione. Bibi alikwisha kulishona kwa uzi wa pamba yake ya mwaka uliopita, wala hakumwambia mtu.

 Sultani akatoka, akainua mkono juu kabisa, akamwamkia bibi yule kwanza. Na nyuma yake mawaziri wakainua yao, maskini, wakashusha pumzi.

Uzi wangu umeishia hapa. Mwenye sindano na ashone.