Perege katika Maji ya Sultani

Hapo zamani za masultani, katika mji wa Mtondooni, palikuwa na mjane aitwaye Bi Kazija, mwenye watoto wanne na bwawa moja la perege nyuma ya kibanda chake. Watu walimwita punguani, kwa kuwa akiagizwa jambo hulitenda vilevile lilivyosemwa, hapunguzi wala haongezi. Lakini watoto wake walishiba kila siku, na werevu wengi wa mji ule hawakuweza kusema hivyo.

Ikawa siku moja Sultani Badiri alipita sokoni, akamwona samaki akitweta juu ya ubao, akaingiwa na huruma kubwa, na mchana ule akala samaki wawili badala ya watatu. Kisha akamwita Waziri Mselem wakaandika sheria: kila afugaye samaki awaweke katika maji safi kama ayanywayo Sultani, tena samaki asitolewe majini bila kibali cha Waziri, na kibali kisitoke kabla ya siku arobaini, ili samaki apate kuizoea habari hiyo. Atakayevunja sheria, bwawa lake lifukiwe. Naye Sultani akaapa mbele ya watu wote kwamba sheria ile haitamruka mtu, hata yeye mwenyewe.

Basi Bi Kazija akawa anakwenda kuomba kibali cha kuvua samaki wake mwenyewe. Alikwenda mara tisa, akarudi mikono mitupu, na watoto wakala majani ya kunde mpaka wakayachukia.

Siku ya kumi Waziri akaja na askari, akainama bwawani, akaona kijani kitupu.

"Maji gani haya? Hata samaki siwaoni!"

"Nao hawakuoni, Bwana Waziri, ndiyo maana wamenenepa," akajibu Bi Kazija. "Ukijani huo ndio chakula chao. Natia samadi ya kuku, maji yanaiva, wao wanakula. Katika maji meupe watakufa njaa."

"Sheria haikuuliza wanakula nini. Una siku saba. Watafutie maji kama ayanywayo Sultani, la sivyo tunafukia."

"Nikayatafute wapi, Bwana?"

"Popote yalipo, mama, usinichoshe!"

Bi Kazija akafikiri siku sita. Siku ya saba, asubuhi, akazamisha mitungi bwawani na kunyunyiza pumba ndani yake, na perege wakaingia wenyewe kufuata pumba, hata mmoja hakutoka majini. Akajitwisha mtungi baada ya mtungi mpaka jumba la Sultani. Bawabu alipoona ni samaki, akadhani wanakwenda jikoni, akafungua mlango. Basi Bi Kazija akawamimina wote katika birika kubwa la mawe, yalimohifadhiwa maji ya kunywa ya Sultani, akatia pumba, akatia na kikapu cha samadi.

Adhuhuri Sultani akaletewa maji. Akanywa mafunda mawili, akatoa pumba kwenye masharubu, akanusa bakuli.

"Ni nani aliyefuga kuku katika maji yangu?"

Akaletwa Bi Kazija, akapiga magoti. "Si kuku, Mtukufu, ni perege. Waziri aliniamuru nitafute maji kama uyanywayo, popote yalipo. Nimezunguka mji mzima, sikuyaona ila humu."

"Watoeni mara moja!"

Waziri akainama. "Hawatolewi bila kibali, Mtukufu. Siku arobaini. Na uliapa."

"Basi wahamisheni na maji yao!"

"Wapi, Mtukufu? Maji safi kama yako hayapo pengine."

Kisima cha mji kilikuwa cha chumvi, na Sultani hakuwahi kukionja. Akakionja siku hiyo, akatema, akatoka kwa hasira akaenda mwenyewe kwenye baraza la vibali. Karani alikuwa akiandika, hakuinua kichwa.

"Nataka kibali cha kutoa samaki," akasema Sultani.

"Una mashahidi wawili wanaowajua hao samaki kwa sura?"

"Sina."

"Kawatafute, uje kesho."

"Mimi ni mtu mkubwa, bwana!"

"Kila ajaye hapa ni mkubwa kwao," akasema karani, akachovya kalamu. "Sogea, mzee, unazuia mwanga."

Sultani akasogea kando. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na karani alipoinua kichwa hatimaye, akaanguka chini ya meza.

Sultani akarudi jumbani, akaichana sheria mbele ya watu walewale aliowaapia, akasema, "Nimeapa upuuzi, na kiu imenifundisha." Akamwamuru Waziri avue viatu, aingie birikani, awarudishe perege mitungini, kisha aibebe mitungi hiyo mwenyewe mpaka bwawani. Akataka kumvika Bi Kazija joho la heshima.

"Joho nitalivaa wapi, Mtukufu, na mimi nashinda kwenye samadi?" akasema Bi Kazija. "Nipe pumba za kinu chako."

Akapewa pumba za kinu kila mwezi, maisha yake yote. Na siku ile Waziri, akiwa ameloa mpaka kifuani, alipotua mtungi wa mwisho, Bi Kazija alivua perege watano, akawapika kwa nazi na ndimu, wala hakumkaribisha mtu. Watoto wakala mpaka wakakomba chungu. Hekaya yangu imekwisha hapo, kwa kuwa na chungu nacho kilikwisha.