Pazia la Shaame

Mwiko hupokewa kabla ya mkono kuchoka. Mmeisikia leo kwa fundi mkuu wa gereji yenu, alipowapanga wawili wawili, mgeni na mwenyeji, nanyi mmekuja kuniuliza mwiko na injini wapi na wapi. Kaeni basi, kahawa ipo. Methali hii haikuzaliwa gerejini. Ilizaliwa Wete, kisiwani Pemba, jikoni kwa mpika halwa aitwaye Shaame Khatib, na chanzo chake ni hiki.

Shaame alikuwa bingwa. Harusi bila halwa yake, watu wa Wete waliihesabu kuwa mkutano tu. Na halwa, kwa nyinyi mnaojua kuila tu, ni wanga, sukari na samli vinavyokorogwa juu ya moto wa kuni kwa saa nyingi, na mwiko wake mrefu hauruhusiwi kusimama. Ukisimama kidogo, chini kunashika, na halwa iliyoshika haina dawa, maana harufu ya kuungua huenea sufuria nzima.

Kazi hiyo inataka watu, na Shaame alikuwa na njia yake ya kuwapata. Kijana akija kuomba kazi, alionyeshwa gunia la sukari. Akilinyanyua hadi begani, kazi anayo. Akishindwa, alipewa kipande cha halwa akaagwa kwa heshima. Hakuulizwa kama amewahi kupika hata uji. Waliochukuliwa walikoroga kwa zamu mpaka halwa ilipoanza kuwa nzito. Hapo Shaame aliwatoa wote nje, akashusha pazia la marekani mlangoni, akamalizia peke yake. Namna ya kutia samli, wakati wa iliki na zafarani, dalili ya kuiva, yote yalibaki nyuma ya pazia lile.

Msimwone mchoyo. Baba yake alifariki kabla ya kumfundisha mwisho wa kazi, na Shaame akajifunza kwa kuunguza, sufuria baada ya sufuria, huku mtaa ukimcheka. Kitu alichokipata kwa machozi aliona ni ujinga kukigawa bure. Tena aliogopa, na hofu hiyo wenye biashara wengi wanayo hadi leo: ukimfundisha mtu kazi yote, kesho atafungua duka mkabala na lako.

Kati ya walionyanyua gunia walikuwemo Faki na Makame. Faki alikuwa na nguvu za ng'ombe, na neno moja kutoka kinywani mwake lilikuwa sadaka. Makame alinyanyua gunia kwa taabu, lakini alilinyanyua, na tangu siku ya kwanza hakuacha kuuliza. Kwa nini samli haitiwi yote kwa pamoja? Tunajuaje kama imeiva? Shaame alivumilia, akachoka, mwisho akamwambia kwamba ameajiri mikono yake, hakuajiri maswali. Makame akaenda zake sokoni kuuza ndizi.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa Bi Time. Huyu alikuwa mjane, msuka mikeka, na binti yule ndiye mtoto wake pekee. Wakwe walikuwa wanatoka Unguja, watu wa nasaba na macho makali. Bi Time alikwenda mwenyewe kwa Shaame akamweleza kwamba hana ng'ombe wa kuwachinjia. Heshima yote atakayowapa wageni wale baada ya nikahi ya alasiri ni kahawa na halwa. Shaame akampa neno lake.

Asubuhi ya harusi alishusha pazia kama kawaida. Bega lake la kulia lilikuwa likimuuma kwa muda mrefu, na yeye alilinyamazia. Siku hiyo halikunyamaza. Lilikaza ghafla, mkono ukaning'inia. Mwenye akili angeita watu papo hapo. Shaame aliushika mwiko kwa mkono wa kushoto, akasukuma, akasukuma tena, jasho likimtoka, kwa kuwa kuita watu kulimaanisha kuliinua pazia. Alipomwita Faki, harufu ilikuwa imekwisha kutoka nje. Sufuria nzima ilimwagwa.

Vitu vilivyobaki vilitosha sufuria moja tu. Wakiwasha moto saa ile ile, wangewahi alasiri. Lakini nani apike? Faki akasema atakoroga mpaka kiama, ila hajui pa kuishia. Shaame akaanza kumweleza, akasema utaona tu mwenyewe. Faki akauliza ataona nini.  Ujuzi wote wa Shaame ulikuwa mkononi, haujawahi hata siku moja kupita ulimini.

"Makame angejua cha kukuuliza," alisema Faki.

Shaame akamwacha Faki na wenzake wakianza kuchanganya wanga, akaufunga mkono kwa kitambaa, akaenda sokoni kwa miguu yake, watu wakimtazama. Alimkuta Makame nyuma ya ndizi zake.

"Makame mwanangu, nimekuja kuyataka maswali yako."

"Si uliyafukuza, bwana?"

"Niliyafukuza. Na leo bila hayo Bi Time ataaibika mbele ya wakwe zake, na mwenye kumwaibisha ni mimi."

Makame alimtazama yule mtu mzima aliyesimama mbele yake na mkono umefungwa, moyo wake ukalainika. Ndizi akamwachia jirani, akasema twende.

Jikoni, Shaame alikaa juu ya kigoda, Faki akashika mwiko, Makame akasimama ukingoni mwa sufuria na kuuliza. Mwiko unasemaje? Unakuwa mzito, alijibu Shaame, halafu ghafla unakuwa mwepesi. Kwa nini uwe mwepesi? Shaame akafikiri. Kwa sababu halwa imeachana na sufuria. Na samli? Tia kidogo, ngoja iinywe, tia tena. Itakapokataa? Ikianza kuitema, imeshiba, imeiva. Kila jibu lilimshangaza mwenyewe aliyelitoa. Mambo aliyoyaficha miaka yote, alikuwa hajawahi kuyasikia.

Jua likapanda, halwa ikawa nzito, na mishipa ya Faki ikamsimama shingoni. Makame akanyosha mkono apokee. Faki akatikisa kichwa, akasema hajachoka.

"Mpe, Faki," alisema Shaame. "Mimi asubuhi nilingoja nichoke, na mliona nilichokipata. Mwiko hupokewa kabla ya mkono kuchoka."

Faki akampa. Wakapokezana hivyo hivyo, hakuna aliyefika kwenye kuhema, mpaka halwa ikatema samli, iking'aa. Alasiri wakwe wa Bi Time walikula, wakanywa kahawa, wakaomba na ya kuondokea. Jioni Bi Time alikuja jikoni na mkeka mpya kumshukuru Shaame. Shaame alilia mbele ya watu, akasema shukrani hizo zina wenyewe, akautandika mkeka na kuwaketisha juu yake Faki na Makame.

Kesho yake aliliondoa pazia mlangoni. Akalifua, akalikata, likawa vitambaa vya kuchujia wanga. Gunia la sukari likabaki kazi yake ni sukari. Aliyekuja kuomba kazi aliwekwa karibu na sufuria asubuhi nzima, na asiyeuliza hata swali moja ndiye aliyepewa kipande chake akaagwa. Mgeni alipangwa pamoja na mwenyeji, na kila mmoja alipita kila mahali, kuanzia kuni hadi zafarani.

Je, hofu yake ilitimia? Ilitimia, sitawadanganya. Baada ya miaka Makame aliaga, akafungua jiko lake Chake Chake. Shaame alimpa mwiko wa kuanzia, na siku ya kwanza alikwenda kumwashia moto. Walipoulizana hali, walikuwa baba na mwana.

Shaame alipofariki, watu wa Wete walidhani halwa imekufa naye. Siku ya hitma ya kumwombea walikuja wakiwa na huzuni, wakakuta moshi unatoka jikoni saa ile ile ya siku zote. Faki alikuwa kwenye mwiko, vijana wapya wamemzunguka wakiuliza. Halwa ikapakuliwa, na wazee walioionja walifunga macho, maana ilikuwa ile ile. Bi Time alimshukuru Mungu kwa sauti, akamwombea marehemu kwa kutoondoka nayo.

Na mapema siku hiyo, kabla halwa haijaiva, mlangoni pasipokuwa na pazia, aliingia Makame kutoka Chake, kanzu yake ina vumbi la njia. Hakumsalimu mtu. Alikunja mikono ya kanzu, akaenda moja kwa moja kwa Faki, akanyosha mkono. Faki alikuwa na nguvu bado, na machozi yakimtoka. Akampa.

Kesho mkirudi gerejini, mwenyeji wako akikunyoshea spana wakati yeye bado ana nguvu, usione anakusukumia kazi. Pokea, mshukuru. Mwiko hupokewa kabla ya mkono kuchoka.