Bwawa Lililosafishwa kwa Ajili ya Wageni

Paukwa!

Nyie wa nyuma mnaotafuna, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa. Bwawa dogo, tope tele, vyura tele, kro-kro-kro usiku kucha. Pembeni aliishi Bi Ngiri na wanawe. Ngiri hana manyoya ya maana, mnamjua. Jua likiwaka hujigaragaza topeni, ngozi ikapoa, kupe wakamwachia. Bila tope, watoto wa ngiri huungua.

Siku moja Nyani akaitisha mkutano. Nyani alikuwa mtaalamu wa utalii. Alisomea wapi? Jalalani, nyuma ya hoteli. Alikula maganda ya wageni msimu mzima, akarudi bingwa.

"Ndege korongo wanakuja kutoka kaskazini," akasema. "Wageni wale hawapendi tope. Vyura ndio kabisa. Mgeni anataka akute pasafi kama kwao."

"Kama anataka kama kwao, si abaki kwao?" akauliza Kobe.

"Wewe Kobe umetembea wapi?" Wote wakacheka.

Bi Ngiri naye akauliza, "Na wanangu watajigaragaza wapi?"

"Bi Ngiri, utalii ni wa wote. Wageni wakifika, faida itashuka yenyewe, kila mmoja atalowa."

"Faida gani, bwana?"

"Faida, mama. Faida."

Bi Ngiri akaridhika. Neno likirudiwa na mwenye sauti nene, nani abishe? Tena akawa wa kwanza kazini, pua yake ndiyo jembe. Chubwi! Chubwi! Akachimba tope, akalisukuma, akalitupa bondeni. Vyura wakafukuzwa.

Kiboko wa kinamasi cha jirani akaja kutembea na wanawe. Nyani akamzuia njiani.

"Wewe si mgeni. Mgeni hutoka mbali."

Kiboko akageuka, akaenda zake.

Bwawa likang'aa. Maji maangavu, chini kokoto tupu. Wana wa Ngiri wakaungua migongo, kupe wakawajaa masikioni.

"Mama, tunaumia."

"Vumilieni. Faida iko njiani."

Korongo wakafika, vuu, vuu, mbingu ikajaa mabawa. Wanyama wakapanga mstari, wakaimba, wakakata viuno. Korongo mmoja akatua, akachovya mdomo. Akachovya tena.

"Samahani, wenyeji. Vyura wako wapi?"

"Tumewafukuza kwa heshima yenu," akasema Nyani.

"Na tope la kutafutia konokono?"

"Tumelitupa. Sasa ni kama kwenu."

"Kwetu kumeganda barafu," akasema Korongo. "Tumeruka njia yote hii kutafuta chura."

Akapiga mabawa, wenzake wakamfuata. Nyani akakohoa kidogo.

"Mnaona? Hatukusafisha vya kutosha."

Bi Ngiri akawageukia wanawe. Alijiona mjinga, na mwanawe wa mwisho hakuweza tena kusimama, mgongo malengelenge matupu. Akamsukuma kwa pua polepole, wengine nyuma yake, mpaka kwenye kinamasi cha Kiboko. Korongo walikuwa wamejaa kule, tope mpaka magotini, wanakula. Bi Ngiri akasimama ukingoni kwa aibu.

"Sisi si wageni," akasema. "Ni majirani tu."

"Huku kwetu jirani naye ni mgeni," akasema Kiboko. "Ingieni."

Mtoto akazama topeni, akashusha pumzi. Bi Ngiri akainusa harufu ile, akalia. Tope lilinukia kama lile alilolitupa kwa pua yake mwenyewe.

Mafunzo ni haya: mgeni hafungi safari kutafuta kwao, anafuata kilicho kwenu. Na ukiambiwa faida itakufikia yenyewe, uliza itapita njia gani, kabla hujatupa cha wanao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayeona nimemsema yeye, basi ni yeye.