Doti Moja kwa Walinzi Watatu

Aliyemwambia Gaudensia habari ya kondomu ya kike kwa mara ya kwanza alikuwa wifi yake, Apolonia, na alimwambia kisimani, mbele ya foleni nzima ya ndoo. Msicheke mapema. Tegeni sikio, maana mwishoni nitawaomba hukumu.

Watu watatu wamo katika hadithi hii, kila mmoja na alichojaliwa. Apolonia alijaliwa mdomo usiojua haya. Nesi Emerensiana wa zahanati ya kijiji alijaliwa mikono yenye subira. Kasiani, mume wa Gaudensia, mfukuza ndege wa mashamba ya mpunga, alijaliwa ukweli: ugali ukiungua atasema umeungua, hata kama ameupika mama mkwe. Gaudensia mwenyewe hakupewa hata kimoja. Alikuwa na haya kiasi kwamba hata chumvi dukani aliiomba kwa kunong'ona.

Mtoto wake Tulizo alizaliwa kwa upasuaji. Daktari alimwonya, "Usishike mimba nyingine kabla huyu hajatimiza miaka miwili. Kovu la ndani likifumuka, tunaweza kukupoteza." Sindano ya uzazi wa mpango ilimtoa damu wiki sita. Vidonge vilimtapisha. Mpira wa kiume Kasiani aliukataa. "Unanibana," alisema. Na kila Jumamosi alishuka kutoka dunguni, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti shambani, akarudi nyumbani na hamu ya wiki nzima. Gaudensia alimpenda mumewe, lakini akaanza kuiogopa Jumamosi.

Siku ile kisimani, Apolonia alimtazama akauliza, "Wifi, mbona umekonda? Kaka yangu anakunyima chakula, au anakulisha wasiwasi?"

Wanawake wakacheka. Gaudensia machozi yakamtoka. Apolonia akamvuta kando, ila sauti yake hakuivuta.

"Ipo ya kwetu wanawake! Unaivaa mwenyewe, jua likiwa bado juu. Yeye akija, anakuta mlango umeshatiwa pazia. Inazuia mimba, inazuia na magonjwa."

"Wifi, punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Kuna aliyezaliwa na jiwe hapa?"

Akachomoa moja kutoka kwenye pindo la kanga, akamtia mkononi.

Ijumaa Gaudensia akajifungia ndani akaifungua. Alipoiona alishtuka: mfuko mpana, laini, wenye pete mbili, unateleza kama kambale. Akajaribu, ikamponyoka. Akajaribu tena, ikakaa upande. Akaitoa akakata tamaa. Lakini kwao kitu kizima hakitupwi. Akaifua kwa sabuni, akaisuuza, akaianika kambani katikati ya nepi za Tulizo, ikauke aijaribu tena Jumamosi.

Nesi Emerensiana alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kupima watoto. Akaiona inapepea. Hakucheka wala hakugomba. Aliianua, akaifunga kwenye karatasi, akaitupa shimoni, kisha akaomba kikombe cha chai kisicho na chai.

"Mwanangu, hii ni ya mara moja. Haifuliwi, hairudiwi, na haivaliwi pamoja na ya mwanamume." Akachukua mpya kwenye mkoba, akaonyesha kwa kikombe: pete ya ndani ibanwe kwa vidole isukumwe mpaka mwisho, pete ya nje ibaki nje. Baadaye izungushwe, ivutwe taratibu, kabla hujasimama. "Mara ya kwanza inasumbua. Mara ya tatu utaizoea." Gaudensia akarudia mara sita, na nesi hakutazama saa.

Ile ya mkobani, iliyotumika kufundishia, ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Zahanati ilikuwa haina nyingine, na dukani hazikuonekana. Kesho yake alfajiri Emerensiana akapanda baiskeli mpaka hospitali ya wilaya, akarudi na boksi kabla ya adhuhuri, matope mpaka magotini. Safari hiyo aliirudia kila boksi lilipokwisha.

Jumamosi mchana Kasiani akashuka. Tulizo alikuwa amelala. Gaudensia akamweleza kwa kunong'ona, akiangalia ukuta. Kasiani akasikiliza, akasema, "Kama hainibani, sina ugomvi nayo."

Wakaanza. Ikalia chwaa, chwaa, kama mfuko wa plastiki. Wakacheka mpaka mtoto akageuka. Kisha Kasiani akasimama ghafla.

"Mama Tulizo, ngoja. Nimepita pembeni ya mfuko."

Angenyamaza, nani angejua? Lakini alisema, akarudi nyuma, Gaudensia akaishika pete ya nje kwa mkono wake, wakaanza upya. Tangu siku hiyo kelele ile waliizoea kama mvua juu ya bati, na Jumamosi ikarudi kuwa Jumamosi.

Miaka miwili ikatimia. Tulizo akawa anakimbiza kuku. Daktari akampima Gaudensia, akasema, "Kovu limepona. Sasa mkitaka mwingine, karibuni." Gaudensia alitoka pale akipiga vigelegele njia nzima, yeye aliyekuwa akinong'onea chumvi!

Mama yake akamtumia doti ya kanga yenye jina: ALIYENIKINGA JUANI SIMSAHAU KIVULINI. Na ujumbe: "Mpe aliyekukinga. Usiigawe. Doti iliyogawanywa ni matambara."

Jioni ile watatu wakakaa uani, wanamla jogoo.

"Yangu hiyo," alisema Apolonia. "Bila mdomo wangu angejua nini? Angekuwa bado analia kisimani."

"Kujua jina la dawa si kupona," alijibu nesi. "Uliyempa bila kumfundisha aliianika kambani, dada yangu."

Apolonia akapaliwa na mchuzi.

"Na mimi?" akasema Kasiani. "Mlisema, mkafundisha, lakini siku ile pembeni ya mfuko mlikuwepo? Neno langu moja ndilo lililomwokoa."

"Hee! Mwanamume anadai kanga!" Apolonia akadakia.

"Nitajifunika dunguni. Ndege watanijua."

Wakamgeukia Gaudensia. Akacheka, akasema kwa sauti iliyofika kwa jirani, "Kesho."

Asubuhi iliyofuata aliifua doti, akaianika nzima, bila kuikata, kwenye kamba ileile. Apolonia amesimama upande huu, nesi upande ule, Kasiani katikati. Jua linapanda na kanga inapepea.

Haya, wenzangu, amueni kabla haijakauka: nani aianue?