Nguchiro Alipomchora Kiboko

"Ninayo ngano!"
"Imwage!"
"Nikiimwaga mtauliza nimemsema nani?"
"Hujamsema mtu!"
Basi tulieni.

Palikuwa na chemchemi moja tu, na ndani yake alilala Kiboko. Alilala asubuhi, alilala mchana, na kila akigeuka, bwata, maji yote yaligeuka tope. Mlinzi wake, Ngiri, alisimama ukingoni na rungu. Wanyama walikunywa tope hilohilo. Chura akaimba kwamba tope si maji. Kiboko akamkalia, pwaa. Uimbaji ukaishia hapo.

Bi Nguchiro alikuwa mchoraji. Alichora kwa mkaa, majivu na udongo mwekundu. Wanawe watatu walikuwa wakiharisha kwa lile tope, naye aliogopa kuwazika. Siku moja Kiboko akamwita.

"Natimiza mwaka wa kumi humu majini. Nichore kwenye mwamba wa baraza, kila mtu anione."

"Sawa, bwana mkubwa. Ila uje mwenyewe ukague. Kumchora mkubwa kwa kukisia ni utovu wa adabu."

Siku ilipofika, jua la saa sita, Kiboko akatoka majini, ti, ti, ti, hadi barazani, Ngiri nyuma yake. Wanyama walikuwa wameshakaa. Mwambani palikuwa pamechorwa chemchemi ya maji meupe, na wanyama wote wanakunywa.

"Mimi niko wapi?"

"Sikuthubutu kukupangia mahali, bwana mkubwa. Sema mwenyewe."

"Majini. Katikati."

"Katikati yupo Swala. Nimfute?"

"Futa."

Fyu. Swala mwenyewe alikuwa anatazama.

"Hapa yupo Pundamilia na mwanawe. Niwafute?"

"Futa."

Fyu.

"Hapa yupo Ngiri, mlinzi wako. Nimfute?"

Kiboko hakufikiri. "Futa."

Fyu. Ngiri akaliweka rungu chini.

Bi Nguchiro alifuta taratibu, mmoja mmoja, na kila aliyefutwa aliinuka akaenda zake. Jua lilizidi kuwaka. Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikaanza kupasuka, lakini alitaka kuiona picha imekwisha. Ilipokwisha, alikuwa peke yake mwambani, na barazani wamebaki yeye na mchoraji.

Akakimbilia chemchemini. Ilikuwa imejaa wanyama, bega kwa bega, Ngiri mbele.

"Karibu, mzee," Swala akamwambia. "Nafasi ipo, pale pembeni. Ila usigeukegeuke."

Kiboko akaingia pembeni. Hakugeuka. Wana wa Nguchiro wakanywa maji meupe, na mama yao akalia kwa furaha.

Funzo la ngano hii ni kwamba msanii asijiingize katika mambo ya wakubwa. Bi Nguchiro amelishika vizuri. Siku hizi anachora maua tu, na kila akichora ua, Kiboko hutuma mtu kuuliza lina maana gani.

"Ngano imekauka!"
"Na aliyesemwa ni nani?"
"Aliyewashwa ajikune!"