Bibi Wabiwa na Neno Lenye Viungo

Mfupa hauvunjwi, hutafutwa kiungo. Mama yenu amewaambia hivyo juu ya masomo, mkanuna, na sasa mwataka niwaeleze msemo huu umetoka wapi. Msiwasingizie wahenga. Ulizaliwa hapahapa Norwei, jikoni kwangu, na mwenyewe ni bibi yenu Wabiwa.

Kule kwetu, mjini Baraka, Wabiwa alikuwa muuza nyama sokoni. Huku alifika mikono mitupu, nikampokea kwangu. Mama yenu alikuwa bado msichana mdogo, amebaki kambi ya wakimbizi, na ilitakiwa mzazi awe na kazi ndipo mtoto aletwe. Nyumba ya wazee ilikuwa tayari kumwajiri Wabiwa, mradi aseme lugha ya wenyeji aeleweke. "Moto ukiwaka hakuna nafasi ya kurudia," mkuu wa pale alimwambia, na hakukosea.

Neno lililomshinda ni lile la chombo cha kuzimia moto: brannslokkingsapparat. Wenyeji hawa huchukua maneno matatu wakayafanya moja, kisha uzito wa sauti wakauweka mbele. Sisi kila neno tunalikanyaga karibu na mkia. Wabiwa alilivamia kwa pumzi moja, akalikanyaga mkiani, mkuu asielewe kitu. Mara ya pili ikawa vilevile. Akapewa nafasi ya mwisho. Nilimwonea huruma, nikamshauri aache. Alinikazia macho, akalirudia neno lake.

Jumamosi moja nilinunua paja la kondoo, nikawa nalipiga kwa shoka, vipande vya mfupa vinaruka hadi dirishani. Wabiwa alikuwa mezani akinong'ona neno lake.

"Dada, weka shoka chini," akasema. "Mfupa hauvunjwi. Hutafutwa kiungo."

"Na wewe je? Tangu asubuhi unalipiga hilo neno kwa shoka."

Kisha akachukua kisu, akalipapasa paja kwa kidole gumba, akakata pale mifupa inapokutana, nyama ikaachana bila kelele. Kidole kikiwa bado kinapapasa, akasema polepole, "Brann, moto. Slokkings, kuzima. Apparat, chombo."

"Na uzito unauweka wapi?"

"Kwenye moto. Ndio unaoua."

Tangu hapo alilikata na kuliunga, akipiga meza kwenye moto na kuyagusa tu yaliyobaki. Siku ilipofika, mkuu akamuuliza angekimbilia nini akiona moshi. Akalisema neno lile. Mkuu hakumsifu. Aligeuka tu kukitazama chombo ukutani, akaendelea na swali jingine. Kazi akaipata, na alinisimulia hayo huku akilia kwa furaha.

Mama yenu aliposhuka kwenye ndege, aliona bango lenye neno refu, akashika gauni la mama yake.

"Mama, haya nitayaweza kweli?"

Bibi yenu akakishika kidole gumba cha mwanawe, akakipitisha juu ya herufi, taratibu, mpaka kikasimama pale maneno yalipokutana. Basi mama yenu akiwaambia, msinune. Anawapa kile alichopokea siku ile, kwa kidole hichohicho: mfupa hauvunjwi, hutafutwa kiungo.