Kiti Chenye Mto Mwekundu

Anayepika aepue sufuria kwanza. Nikishaanza sitaki kuulizwa nimefika wapi, maana mwisho wa yote atakayeuliza ni mimi, na jibu nitalitaka kwenu.

Tanga walikuwako wanawake watatu walioimba kundi moja la taarab ujanani mwao. Bi Mwantumu alijaliwa masikio: neno likinong'onwa jikoni kwa watu, yeye analo. Bi Raya alijaliwa kumbukumbu: akisomewa kitu mara moja, hakimtoki. Bi Salmini alijaliwa sauti, na sauti ile sitajaribu kuieleza. Wote watatu walijaliwa wivu pia, tena hapo hakuna aliyepunjwa.

Mjini mlikuwa na jumba la taarab la umma. Si la mtu, ni la wananchi, na sheria ililiweka mikononi mwa bodi ya watu saba walilinde. Akina bibi hawa watatu walikuwamo. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mdoe, na wajumbe waliobaki walikuwa watu wake: akikohoa yeye, wanaitikia wao. Wanne kwa watatu, mnaona wenyewe mambo yalivyokuwa.

Siku moja Bi Mwantumu alikuwa kwenye shughuli, anamenya vitunguu, akamsikia mke wa Bwana Mdoe akijigamba kwa shoga yake. "Lile jumba Ijumaa linapitishwa, anapewa kaka yangu alifanye ghala la saruji. Kikao chenyewe nyumbani kwetu, watu wakishakula pilau." Bi Mwantumu akaviacha vitunguu palepale, akatoka na machozi yake. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua habari, na unajua pia nani kaileta.

"Bila Mwantumu tungelala," watu wakasema.

Maneno hayo yalimchoma Bi Raya. Asubuhi akaenda kwa Bwana Mdoe, hata salamu hakuimaliza.

"Mwenyekiti, sheria yetu inasema kikao kinafanyika ndani ya jumba, mlango wazi, na mwananchi yeyote anaingia. Wananchi waliomo wakilipinga jambo, bodi hairuhusiwi kulipitisha. Linakwenda halmashauri."

"Nani kakuambia?"

"Tulisomewa siku ya kuapishwa. Wewe ulikuwa unasinzia."

Bwana Mdoe akacheka. "Haya, Bi Raya, mlango utakuwa wazi. Ijumaa jioni kuna mpira. Tuone nani ataingia."

Mtaani sasa ikawa Raya, Raya. Bi Salmini alisonya mpaka jirani akadhani kasonywa yeye. Kukariri sheria nako ni kazi ya kusifiwa mtu?

Ijumaa ikafika. Ukumbi mtupu, Bwana Mdoe keshafungua kikao, watu wake wamekaa mkao wa kuitikia. Bi Salmini akainuka, akaenda kusimama kwenye ngazi za mlangoni, akaimba. Hakuwa ameimba tangu afiwe na mumewe. Hapakuwa na fidla wala ngoma, sauti peke yake. Waliokuwa wanakwenda kwenye mpira wakageuza njia. Wauza samaki wakaja na harufu yao. Wakamfuata ndani mpaka viti vikaisha, na Bwana Mdoe alipotaja saruji walimzomea mpaka akaketi.

Halmashauri ikachunguza, ikamwondoa Mdoe na watu wake. Afisa akawaambia akina bibi: "Mmebaki nyinyi. Chagueni mwenyekiti kati yenu kabla ya Idi. Mkishindwa, sheria inatutaka tulete mtu wa nje, na aliyeomba mpaka sasa ni mmoja tu."

Aliyeomba ni shemeji yake Mdoe, huyohuyo wa saruji. Hajashtakiwa kwa lolote, kwa hiyo hazuiliwi.

Sasa nisikilizeni. Mwenyekiti wa jumba lile hukaa mbele, kwenye kiti chenye mto mwekundu, na kila mwimbaji humwinamia yeye kwanza ndipo aimbe. Hapo ndipo roho zilipowauma. Kukosa kiti wangevumilia. Kumwinamia mwenzio, tena mbele za watu!

"Nisingesikia mimi, mngepinga nini?" akasema Bi Mwantumu.

"Ulileta umbea tu. Mimi ndiye niliyemfanya afungue mlango," akasema Bi Raya.

"Mlango wa kuingia nani?" akauliza Bi Salmini. "Ukumbi ulikuwa mtupu na sheria yako."

Bi Raya alikuwa amekumbuka kifungu kimoja, na hakukipenda. "Sheria inasema mwenyekiti hapandi jukwaani kuimba, asije akajipendelea."

Bi Mwantumu akakunjuka uso. "Basi tumpe Salmini. Kwa kweli anastahili."

"Leo ndiyo nastahili," akasema Bi Salmini. "Sauti yangu imenirudia juzi tu, mnataka mnikalishe kwenye mto ninyamaze."

"Si ukatae," akasema Bi Mwantumu.

"Nikatae, nije nikuinamie wewe?"

Tangu siku hiyo wamekutana mara nyingi, na kila wakipiga kura kila mmoja anajinyooshea mkono mwenyewe. Idi imekaribia. Jana shemeji yake Mdoe alionekana mlangoni pa jumba na futi kamba, anapima kama lori litapita.

Mimi jibu langu ninalo, silisemi, kwa sababu mmoja wao ni jirani yangu na tunachota maji bomba moja. Semeni nyinyi. Aliyesikia, aliyekumbuka na aliyeimba, nani mngemkalisha kwenye ule mto? Na mkimpa Salmini, mtakuwa mmemtuza au mmemnyamazisha? Fanyeni haraka, futi kamba haisubiri Idi.